Mfupi wa Nyuma Kwenye Picha

Saluni niliyonyolewa ujanani ilikuwa chumba kimoja karibu na soko la Bukoba. Ukutani, kati ya kioo na dirisha, mzee kinyozi alikuwa amebandika ukurasa wa gazeti la kigeni kwa gundi ya uji wa muhogo. Picha ya rangi, imeshapauka. Mbele yupo mtu mrefu, mwembamba, jezi ya machungwa, nywele zinapepea, mpira uko mguuni kama umefungwa kwa uzi. Nyuma yake, karibu kiasi cha kumpumulia shingoni, yupo mtu mfupi wa jezi nyeupe, kakunja uso, mdomo wazi. Ukurasa ulikuwa mpana kuliko nafasi, kwa hiyo mzee aliupunguza kwa mkasi, na aliyepunguzwa ni yule mfupi. Zilibaki sura yake, bega moja na goti moja.

Kila mteja mgeni aliuliza huyo wa machungwa ni nani, na mzee alijibu bila kuinua macho: "Cruyff. Mholanzi." Sikuwahi kumsikia mtu akiuliza habari za yule nusu mtu. Nilimuuliza mimi, nikiwa kidato cha pili, kwa sababu nilikuwa mfupi na nilikuwa nacheza namba mbili. Namba mbili ni beki wa kulia, kwa mliokuja mpirani juzi. Afadhali hata hivyo. Wenzetu wa namba tatu ndio waliopatwa na balaa, mtaa ulipochukua jina la nafasi yao ukampa dada wa kazi.

Mzee alisimamisha mkasi. "Huyo ni ruba," akasema. "Anaitwa Vogts, lakini usitamke V, tamka Fokts. Sauti ya Ujerumani wanasema Fokts. Siku hiyo alimganda huyo mrefu mpaka chooni. Na sasa ndiye kocha wao wa taifa."

Redio yake ya betri nne ilikuwa juu ya rafu ya poda. Kila jioni Idhaa ya Kiswahili ya Deutsche Welle, ambayo wakati ule ilirusha matangazo kutoka Köln, iliingia kwa mikwaruzo, na sisi tuliokuwa tunasubiri zamu tulisikia habari za dunia mpaka zifike za michezo. Mzee hakuwahi kufika Ujerumani. Ila kwa Fokts alikuwa na msimamo, kama mtu mwenye msimamo kwa mgombea wa kijijini kwao.

Jina lake kamili ni Hans-Hubert Vogts, lakini dunia nzima inamwita Berti. Alizaliwa tarehe 30 Desemba 1946 Büttgen, mji mdogo karibu na Neuss, upande wa mto Rhine, nchi ikiwa bado kifusi cha vita. Baba yake alikuwa fundi viatu. Mama alifariki Berti akiwa na miaka 12, na haukupita muda mrefu baba naye akafuata. Mtoto akachukuliwa na shangazi. Akajifunza ufundi wa kutengeneza zana za chuma, akacheza timu ya nyumbani kwao, na mwaka 1965 akasajiliwa na Borussia Mönchengladbach, klabu ya jirani iliyokuwa ndiyo kwanza inapanda ligi kuu. Hakutoka hapo mpaka alipotundika viatu mwaka 1979. Mechi 419 za Bundesliga, mabao 32, klabu moja.

Urefu wake ni mita 1.68. Nilipolijua hilo, miaka mingi baadaye, nilikwenda kujipima mlangoni kwa penseli. Tunalingana, kasoro sentimita moja, na hiyo nimeidai viatu.

Mönchengladbach ya miaka ile haikuwa timu ya kukaba. Kocha wao, Hennes Weisweiler, alipenda vijana wanaokimbia mbele kama maji yaliyovunja tuta, na kundi lile lilikuwa na Günter Netzer wa pasi ndefu na Jupp Heynckes wa mabao. Walichukua ubingwa wa Ujerumani Magharibi mara 5, mwaka 1970, 1971, 1975, 1976 na 1977, wakapokezana na Bayern München kama majirani wanaogombania kisima. Juu ya hayo waliongeza Kombe la UEFA mara mbili, 1975 na 1979. Timu inayoshambulia namna hiyo inahitaji mtu wa kubaki nyuma kufunga mlango. Vogts alikuwa mtu huyo. Mashabiki walimpa jina la Terrier, kile kijibwa cha kuwindia ambacho kikishang'ata hakiachii hata ukikiburuza. Waandishi wa habari wa kwao walimchagua mchezaji bora wa mwaka mara mbili, 1971 na 1979, jambo ambalo mabeki wa pembeni hawalioni mara nyingi popote duniani.

Picha ya saluni ilikuwa ya tarehe 7 Julai 1974, fainali ya Kombe la Dunia, uwanja wa Olimpiki wa München. Kwa miaka karibu ishirini niliijua fainali hiyo kwa picha moja tu, tena iliyokatwa. Kisha simu zikaja, bando likaja, na usiku mmoja nikaikuta mechi yote mtandaoni. Niliitazama kwa vipande vya dakika tatu tatu, kijiduara kikizunguka katikati ya kioo, na nilikaa macho mpaka adhana ya alfajiri.

Kwanza niliona jambo ambalo mzee kinyozi hakuwahi kunisimulia. Waholanzi wanaanza mpira. Pasi, pasi, pasi, wanarudishiana nyuma kama watu wanaopoza uji. Cruyff, ambaye ni mshambuliaji, anashuka mpaka anakuwa mtu wa mwisho kabisa wa timu yake, karibu na duara la kati. Vogts anamfuata. Amepewa kazi moja siku hiyo, naye ameifuata mpaka mahali ambapo beki wa kulia hana shughuli. Cruyff anapokea, anatembea na mpira polepole, anamwangalia. Halafu anawasha moto. Hatua mbili tatu tu, na Vogts yuko nyuma, ananyoosha mguu kwenye hewa. Uli Hoeneß anakuja kuziba pengo, anamwangusha Cruyff kwenye eneo la hatari, na refa Mwingereza Jack Taylor anaonyesha penalti. Johan Neeskens anaipiga katikati ya goli, dakika ya pili. Mjerumani wa kwanza kuugusa mpira katika fainali iliyochezwa kwao alikuwa kipa Sepp Maier, akiuokota wavuni.

Muda mfupi baadaye Vogts anamchezea rafu Cruyff tena na kupata kadi ya njano. Jiweke hapo. Uko nyumbani, dunia inatazama, mtu uliyeambiwa umkabe amekupita mara ya kwanza tu alipojaribu na imekuwa goli, una kadi, na zimebaki dakika zaidi ya 85. Mabeki wengi ninaowajua, mimi nikiwa wa kwanza, hapo wangeanza kusimama mbali. Ungemwachia mita mbili, kwa hofu ya kadi ya pili. Na mtu kama Cruyff ukimwachia mita mbili umempa shamba.

Vogts hakuachia. Hiki ndicho kipande nilichokirudia mpaka bando likaisha. Hafanyi kitu cha ajabu. Anasogea anaposogea mwenzake, anafika pamoja na pasi, si baada yake, na mikono ameishusha makusudi ili refa aione. Inasimuliwa kwamba mazoezini Netzer ndiye aliyeigiza Cruyff ili Vogts ajizoeze, na kwamba alimsumbua vibaya sana. Basi zoezi lile lilikuwa limelipa. Kadiri muda unavyokwenda, Cruyff anashuka chini zaidi kutafuta mpira, mbali na goli, mpaka anakuwa mpiga pasi wa kawaida wa katikati ya uwanja. Paul Breitner anasawazisha kwa penalti, Gerd Müller anafunga la pili kabla ya mapumziko, na katikati ya hayo Vogts mwenyewe anatokea mbele ya kipa Jan Jongbloed na kupiga shuti ambalo kipa analiokoa. Wakati timu zinatoka kwenda mapumziko, Cruyff anamfuata refa kulalamika, naye anapewa kadi ya njano. Hapo nilicheka peke yangu gizani. Ruba ameshakunywa damu.

Ujerumani Magharibi ilishinda 2-1. Uholanzi wale walikuwa wameifunga Argentina 4-0 na Brazil 2-0 njiani, na mpaka leo watu wanasimulia uzuri wao kuliko wanavyowasimulia waliochukua kombe. Bango la vijana likawa la Cruyff. Ndiyo maana hata sisi Bukoba picha iliyotufikia ni ya aliyeshindwa, na mshindi amekatwa kwa mkasi.

Sitaki kumfanya malaika. Mei 1977, fainali ya Kombe la Klabu Bingwa Ulaya mjini Roma, alipewa kazi ile ile dhidi ya Kevin Keegan wa Liverpool, na Keegan alimkimbiza mpaka akamchosha. Mwishoni Vogts alimwangusha ndani ya kumi na nane, Phil Neal akapiga penalti, ikawa 3-1. Kukaba mtu kwa mtu ni kazi ya namna hiyo. Ni ndoa ya dakika tisini, na mwenye miguu mibichi ndiye anayeamua nani atateseka.

Halafu ikaja Argentina 1978. Franz Beckenbauer alikuwa ameshakwenda Marekani, na unahodha ukamwangukia Vogts. Tarehe 21 Juni, Córdoba, walicheza na Austria ambao walikuwa wameshapoteza matumaini yote na wanacheza kwa heshima tu. Karl-Heinz Rummenigge akatangulia kufunga. Dakika ya 59 ikapigwa krosi, Maier hakuifikia, na mpira ukamkuta nahodha akirudi mbio kuelekea goli lake. Ukamgonga, ukaingia. Hans Krankl akaongeza mawili, moja dakika za mwisho kabisa, na Austria ikashinda 3-2. Ilikuwa mara ya kwanza kuwafunga Wajerumani tangu mwaka 1931. Waaustria wanauita muujiza wa Córdoba, Wajerumani wanauita aibu ya Córdoba, ni mji ule ule.

Hiyo ilikuwa mechi yake ya 96 kwa timu ya taifa, na ya mwisho. Katika mechi 96 alifunga goli moja. Ukihesabu na la Córdoba, droo.

Niwe mkweli, nilipolisoma hilo la Córdoba ndipo nilipomshika huyu mtu moyoni. Mwaka 1995 nilicheza mechi ya shule dhidi ya shule ya jirani, ambayo sitaitaja kwa sababu bado wanatucheka. Walikuwa na winga wa kushoto aliyeitwa Umeme, mtoto mrefu, mguu mwepesi, anakimbia kama anayefukuzwa na nyuki. Mwalimu wetu wa michezo aliniita pembeni akaniambia neno moja: "Mgande." Nikamganda. Akienda kunywa maji, nakwenda. Akiinama kufunga kamba, nasimama juu yake. Kipindi cha kwanza hakupiga hata krosi moja, na nilisikia kwao wakimfokea. Dakika za mwisho, 0-0, tena mpira haukutokea hata upande wake. Ulitokea upande wa pili, kona iliyopigwa ovyo, ukadunda kwenye majani makavu mbele ya kipa wetu, ukanigonga ugoko. Nakumbuka sauti yake: pwa, kama kofi kwenye maji. Nilipogeuka wavu ulikuwa umetulia, kwa sababu hatukuwa na wavu. Mpira ulikuwa umefika kwenye migomba.

Kwa miezi miwili darasani niliitwa Straika.

Nilikwenda saluni nikiwa nimenuna. Mzee alishasikia, mji mdogo. Hakunipa pole. Aliniuliza tu: "Yule winga alifunga?" Nikasema hakufunga. Akaendelea kunyoa.

Vogts hakukaa mbali na uwanja. Mwaka ule ule wa 1979 alipostaafu, shirikisho la soka la Ujerumani lilimchukua kufundisha vijana, na kwa miaka kumi na moja alikaa huko chini, akawa pia msaidizi wa Beckenbauer timu ya wakubwa tangu 1986. Beckenbauer naye alikuwa beki, ila wa aina nyingine, yule wa kutembea na mpira kichwa juu kama bwana harusi. Alichukua Kombe la Dunia 1990 kule Roma kisha akaaga. Na katika kuaga akatamka jambo ambalo mrithi wake angelilipia kwa miaka minane. Kwa kuwa Ujerumani mbili zilikuwa zinaungana na wachezaji wa Mashariki wangeongezeka, alisema, timu hii haitafungika kwa miaka mingi, naisikitikia dunia iliyobaki.

Kwetu mgeni njoo, mwenyeji apone. Kwa Vogts mwenyeji aliondoka na kumwachia deni dukani. Kuanzia siku ile, kushinda ilikuwa ni wajibu, na kushindwa ilikuwa ni ushahidi. Fainali ya Euro 1992 kule Göteborg akafungwa 2-0 na Denmark, timu iliyoitwa dakika za mwisho kuziba nafasi ya Yugoslavia iliyofungiwa. Mwaka 1994 Marekani, alimfukuza kambini Stefan Effenberg kwa kuwaonyesha mashabiki kidole katika mechi na Korea Kusini. Robo fainali walikuwa wanaongoza 1-0 dhidi ya Bulgaria zikiwa zimebaki dakika kumi na tano. Hristo Stoichkov akapiga frikiki, Yordan Letchkov akapiga kichwa, kwisha. Jioni ile mzee alizima redio kabla taarifa haijaisha, na hakumnyoa mtu.

Magazeti ya Ujerumani yalimchosha sana Vogts. Walimwona mdogo: mdogo wa umbo, mdogo wa maneno, mtoto wa fundi viatu aliyekalia kiti cha mfalme. Mwenyewe alilijibu hilo kwa msemo ambao bado unazungushwa: hata akitembea juu ya maji, wakosoaji wake watasema hajui hata kuogelea. Lazima uwe umechekwa sana ndipo upate sentensi kama hiyo.

Sasa nifike 1996, na hapa inabidi nisimame kidogo.

Euro ile ilianza England tarehe 8 Juni. Tarehe 21 Mei asubuhi, MV Bukoba ilikuwa imezama karibu na Mwanza. Mamia ya watu. Waliokuwa mjini kwetu mwezi ule hawahitaji kuelezwa, na wengine siwezi kuwaeleza. Mzee kinyozi alimpoteza mdogo wake. Saluni ilifungwa, ikafunguliwa, watu walikaa kwenye benchi bila kunyolewa, na redio ilibaki kimya juu ya rafu na poda imeigandia. Mashindano yalianza, yakaenda, mimi mwenyewe sikujua nani kamfunga nani. Jioni ya Jumatatu tarehe 1 Julai ndipo mzee alipoinuka, akapangusa redio kwa taulo, akaiwasha. Hakusema kwa nini. Zilipofika habari za michezo, mtangazaji akasema Ujerumani ndio mabingwa wa Ulaya. Mzee akaitikia kwa kichwa mara moja, kama mtu aliyeletewa salamu. Basi.

Nilikuja kujua baadaye wameshindaje, na ndiyo kazi ya Vogts ninayoiheshimu kuliko zote, kuzidi hata ya Cruyff. Alikwenda bila Lothar Matthäus, mchezaji aliyecheza zaidi ya wote, aliyekuwa amekorofishana na nahodha Jürgen Klinsmann na kocha mwenyewe. Kauli mbiu yake ilikuwa kwamba nyota ni timu. Ukiisikia kwa kocha mwingine utaona ni porojo za ubaoni, lakini huyu alikuwa amecheza miaka 14 bila kuwa nyota. Beki wa kati Jürgen Kohler aliumia mechi ya kwanza. Klinsmann akaumia robo fainali na Croatia. Nusu fainali Wembley dhidi ya wenyeji ilikwenda penalti, Andreas Köpke akapangua ya Gareth Southgate, Andreas Möller akamalizia, lakini Möller alikuwa ameshapata kadi, fainali hayupo. Majeruhi na kadi vilifika mahali UEFA ikaruhusu mchezaji mmoja aongezwe kabla ya fainali, Jens Todt, na jezi za wachezaji wa ndani zikaandaliwa hata kwa makipa wa akiba. Libero, yaani beki huru anayecheza nyuma ya wenzake, alikuwa Matthias Sammer, mtoto wa Dresden, Mashariki ile ile ambayo Beckenbauer alisema itawafanya wasifungike. Ilichukua miaka sita, lakini hapo Sammer akawa mchezaji bora wa mashindano.

Fainali, tarehe 30 Juni, Wacheki wakatangulia kwa penalti ya Patrik Berger. Vogts akamwingiza Oliver Bierhoff, mshambuliaji mrefu ambaye inasemekana mke wa kocha ndiye aliyemshauri mumewe amchukue. Bierhoff akasawazisha kwa kichwa dakika ya 73. Dakika ya 95 akageuka na kupiga shuti la kawaida tu, kipa Petr Kouba akaligusa, likamponyoka, likaingia polepole kwa pembeni. Goli la dhahabu, mechi imekwisha hapo hapo. Shuti lenyewe lilikuwa bovu. Kama Vogts alikuwa na deni la Córdoba kwa miungu ya mpira, nadhani siku ile walimrudishia chenji.

Sitasema timu zake zilipendeza. Zilikuwa zinachosha, nyingine sana. Alifundisha kama alivyocheza: anaanza na mpinzani ana nini, kisha ndipo anajiuliza yeye ana nini. Na alichelewa kuwaacha wazee. Ufaransa 1998 alikwenda na Kohler wa miaka 32, Klinsmann wa 33, na akamrudisha Matthäus wa 37. Robo fainali kule Lyon, Christian Wörns akapewa kadi nyekundu kwa kumwangusha Davor Šuker, Croatia ikawachapa 3-0, na kocha akamlalamikia refa kuliko alivyoilalamikia miguu ya timu yake. Septemba alijiuzulu. Ameondoka na mechi 102, ushindi 66, sare 24, vipigo 12. Vipigo 12 kwa miaka minane, na bado aliondoka kama aliyefukuzwa sherehe. Mwaka 2000 timu iliyoachwa kwa mwingine ilitoka Euro katika makundi.

Baada ya hapo safari zake ni za kupita haraka haraka. Bayer Leverkusen miezi michache, akawaacha nafasi ya nne wakamwondoa. Kuwait. Scotland mwaka 2002, wakiwa hawajawahi kumpa mgeni timu yao ya taifa. Wakafungwa 5-0 na Ufaransa mechi yake ya kwanza. Wakawafunga Waholanzi 1-0 Glasgow katika mtoano wa Euro 2004, siku nne baadaye wakapigwa 6-0 Amsterdam. Azerbaijan miaka sita, 2008 hadi 2014, ambako aliwahi kuifunga Uturuki 1-0. Kisha mshauri wa Klinsmann, nahodha wake wa zamani, timu ya Marekani. Kabla ya hayo, mwaka 1999, aliigiza kwenye tamthilia moja ya upelelezi ya televisheni ya kwao, akiwa na sungura. Wajerumani wanaikumbuka hiyo kuliko Euro 92.

Nimeruka Nigeria makusudi. Alipewa Tai mwaka 2007, na kundi lao la kufuzu Kombe la Afrika lilikuwa na Uganda. Tarehe 2 Juni walikuja Namboole. Sisi wa Kagera mawimbi ya redio za Uganda hayahitaji pasipoti pale Mutukula, kwa hiyo nilikaa na mzee, wakati huo macho yameanza kumsaliti na saluni ameiachia mwanawe, tukasikiliza. Uganda wakashinda 2-1. Mtaa wote ulikuwa upande wa Cranes, mimi pia. Mtangazaji alipotaja kocha wa Nigeria, akalitamka jina kwa V iliyonyooka kabisa.

"Fokts," mzee akamsahihisha, akiiambia redio.

Nigeria ilifuzu hata hivyo, ikaenda Ghana mwanzoni mwa 2008, ikatolewa robo fainali na wenyeji 2-1, wenyeji wenyewe wakiwa wamebaki kumi uwanjani. Vogts akaachia ngazi mwezi Februari. Mzee hakuwa nasi tena kuyasikia hayo. Nilipokwenda msibani nilimwuliza mwanawe habari za ile picha. Akasema walipopaka rangi ukuta ilitoka vipande vipande.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa wiki moja. Nilichukua bodaboda kutoka stendi, dereva mtu mzima, mrefu, amenenepa kidogo. Tukapita uwanja wa shule ile ya jirani, akapunguza mwendo.

"Hapa kaka nilicheza mpira mimi," akasema. "Winga. Waliniita Umeme."

Nikanyamaza kidogo. Nikamwuliza kama anakumbuka mechi na shule yetu, mwaka 1995.

"Eeh! Tuliwafunga moja. Kuna jamaa yenu alijifunga, tulicheka mpaka tukalala chini. Kwenye migomba kule ndiko mpira ulikoishia."

"Wewe siku hiyo ulichezaje?"

Akafikiri, akawasha indiketa, akakata kona.

"Mimi? Ile mechi mbaya sana kwangu. Mpira sikuugusa. Kulikuwa na kajamaa kafupi, sijui kalitokea wapi, kaka, hata kwenye maji kananifuata. Yule sitamsahau."